Kusoma yote kwanza, kuanza na maswali, au kusoma na dondoo: ipi inakufaa kwenye ufahamu wa GRE?

Ukianza kujiandaa na GRE, ule mtihani wa Kiingereza na hesabu wa kuombea uzamili kwenye vyuo vya nje, upande wa Verbal, yaani ule wa lugha, kinachokuchanganya mapema sio hata misamiati, ni ushauri. Mmoja anakwambia soma habari yote taratibu ndo uguse maswali, mwingine anakwambia ukisoma yote muda umekwisha, nenda kwenye maswali moja kwa moja, wa tatu anakwambia andika dondoo pembeni. Na wote wana maksi nzuri za kukuonyesha, kwa hiyo hamna wa kumwita muongo. Hapa nazipima hizo njia tatu kwa vigezo vilevile, uone ipi inaendana na unavyosoma wewe na mtihani unaoenda kuufanya.

Sisi tuliosoma huku tuna mazoea yetu. Tangu shule ya msingi karatasi inakuambia "Soma kifungu cha habari kifuatacho kisha jibu maswali yanayofuata", unajibu kwa sentensi yako, mwalimu akiona wazo lipo anakupa maksi. GRE haitaki sentensi yako. Majibu yameshaandikwa, mara nyingi matano, moja ndo sahihi na yale manne yametengenezwa kwa ustadi ili yafanane na ukweli. Ndo maana mtu anaweza kuielewa habari vizuri kabisa, akakuhadithia hata mwisho wake, alafu maswali akakosa. Kuelewa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kukataa majibu.

Mtihani wenyewe ulivyo sasa: tangu Septemba 2023 GRE imefupishwa, mtihani mzima ni kama saa mbili kasoro dakika mbili. Verbal ina vipande viwili, cha kwanza maswali 12 kwa dakika 18, cha pili maswali 15 kwa dakika 23. Ni kama dakika moja na nusu kwa swali, na kusoma habari kumo humo humo. Karibu nusu ya maswali ni ufahamu, yaliyobaki ni ya kujaza nafasi. Unavyofanya kipande cha kwanza ndo kinaamua kipande cha pili kiwe kigumu kiasi gani, kwa hiyo usikichukulie kile cha kwanza kama cha kupasha misuli. Habari nyingi ni za aya moja tu, chache ndo zina aya kadhaa na maswali zaidi. Kwenye skrini habari iko kushoto, swali liko kulia, yanakuja moja moja ila unaweza kwenda mbele na kurudi nyuma ndani ya kipande kilekile. Kukosea hakukupunguzii maksi, kwa hiyo hakuna sababu ya kuacha swali wazi.

Vigezo nilivyotumia ni vinne. Cha kwanza muda. Cha pili kichwani, yaani ukishamaliza kusoma umebaki na nini na unalazimika kukumbuka vingapi kwa wakati mmoja. Cha tatu aina za maswali, manake swali la wazo kuu na swali la jambo moja dogo haviendi sawa. Cha nne lugha, na hiki vitabu vingi vya Marekani havikigusi kwa sababu vimeandikwa kwa mtu aliyezaliwa na Kiingereza, wakati wengi wetu kwetu Kiingereza ni lugha ya pili au ya tatu.

Habari ya kujaribia

Ili tusiongee hewani nimetunga kihabari kifupi cha Kiswahili kilichojengwa kama wanavyojenga wao. Kisome mara moja.

"Kwa miaka mingi wanahistoria wengi waliichukulia miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki kuwa ilianzishwa na wageni kutoka Uarabuni na Uajemi. Uchimbaji uliofanywa Shanga, katika kisiwa cha Pate, uliitia shaka hoja hiyo. Chini ya magofu ya msikiti wa mawe yalikutwa mabaki ya misikiti ya awali iliyokuwa midogo na iliyojengwa kwa miti, na vyombo vingi vya tabaka za chini ni vya ufinyanzi wa kienyeji. Hata hivyo, vigae (vipande vya vyombo vilivyovunjika) vya ng'ambo vilivyokutwa kwenye tabaka hizohizo vinaonyesha kuwa biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwepo mapema. Kinachobishaniwa ni nani aliujenga mji, si kama wageni walifika."

Swali la kwanza ni la wazo kuu: lengo la mwandishi ni nini? La pili linauliza ile sentensi ya vigae inafanya kazi gani. La tatu ni lile la kutiki yote yanayokubalika, unapewa kauli tatu, sahihi inaweza kuwa moja, mbili au zote, na ukikosa hata moja hupati kitu. Kauli ni hizi: (i) wakazi wa mwanzo wa Shanga walikuwa na mawasiliano ya kibiashara na nje, (ii) mahali pale misikiti ya miti ilitangulia ule wa mawe, (iii) Kiswahili ni lugha ya Kibantu.

Twende sasa.

Njia ya kwanza: kusoma yote kwanza

Unasoma toka neno la kwanza mpaka la mwisho kwa mwendo wa kawaida, huangalii swali, ukimaliza unajiuliza huyu mwandishi alitaka kuniambia nini, ukishapata jibu lako la sentensi moja ndo unaenda kulia.

*Muda.* Inakula muda mwanzoni na kurudisha baadaye. Kwenye habari ya aya moja gharama ni ndogo kabisa, ile ya Shanga unaimaliza chini ya dakika. Kwenye habari ndefu ndo inauma, hasa kama ni habari ya sayansi yenye majina ya protini na vimeng'enya, unajikuta umetumia dakika tatu na hujajibu hata moja.

*Kichwani.* Hapa ndo nguvu yake. Unabaki na mtiririko wa hoja. Kwenye Shanga unabaki na kitu kama "zamani walidhani wageni, uchimbaji unasema hapana, ila biashara ilikuwepo". Ukiwa na hiyo, swali la wazo kuu unalijibu kabla hujaona machaguo. Jibu linalosema "kuthibitisha kuwa wageni hawakuwa na mchango wowote" unalikataa palepale kwa sababu ya hilo "wowote", mwandishi hajafika huko. Na linalosema "kueleza historia ya ujenzi wa misikiti pwani" nalo unalikataa, misikiti imetajwa lakini kama ushahidi tu.

*Maswali.* Nzuri sana kwa wazo kuu, msimamo wa mwandishi, na kazi ya sentensi. Dhaifu kwenye jambo dogo, kwa sababu ukishasoma yote unapata kajiamini kabaya kwamba unakumbuka, kwa hiyo unajibu bila kurudi. Ukichagua njia hii jiwekee sheria kwamba swali la jambo dogo lazima macho yarudi kushoto.

*Lugha.* Kwa mtu anayesoma Kiingereza cha kitaaluma kila siku haina shida. Kwa ambaye bado anatafsiri kichwani ina mtego mmoja, anakwama kwenye neno asilolijua na kuling'ang'ania, kumbe hilo neno halina swali hata moja. Ukikutana na neno geni soma uone limekaa upande gani wa hoja, la kusifia au la kukosoa, alafu endelea.

Inamfaa anayesoma haraka na asiyechoka, na kwa kweli inawafaa karibu wote kwenye habari za aya moja.

Njia ya pili: kuanza na maswali

Unasoma swali kwanza, sio machaguo, swali tu, alafu unaingia kwenye habari ukiwa unajua unatafuta nini. Kwenye GRE kama habari ina maswali matatu ina maana unabofya mbele kuyaona yote, unarudi, unasoma. Wengine huwa wanaangalia lile la kwanza tu.

*Muda.* Inategemea habari ina maswali mangapi. Likiwa moja, hii njia haina gharama kabisa, swali utalisoma tu hata hivyo. Yakiwa manne, kubofya mbele na nyuma kunakula sekunde nyingi, na ukifika kwenye habari umeshasahau lile la pili lilikuwa linasemaje, unarudi tena.

*Kichwani.* Unasoma kwa kuwinda. Ukiona "vigae" unasimama unajibu. Ubaya ni kwamba unaweza kumaliza umepata vipande vipande na hoja nzima imekupita. Swali la pili la habari yetu ndo linaonyesha hili vizuri: ukiiwinda sentensi ya vigae na kuisoma peke yake utadhani kazi yake ni kurudisha ile hoja ya zamani, kwamba wageni ndo waliojenga. Aliyesoma kuanzia juu anajua inawekea mpaka hitimisho, mwandishi anasema sikatai wageni walifika, nabishana kuhusu nani alijenga. Sentensi ni ileile, ila ukiikata kutoka kwenye jirani zake inakupa jibu la kinyume.

*Maswali.* Inang'aa kwenye jambo dogo, na kwenye vile vihabari vifupi vya hoja ambapo wanakuuliza nini kingedhoofisha au kuimarisha hitimisho. Hapo kujua swali mapema kunabadilisha unavyosoma: unatafuta hitimisho ni lipi na mwandishi amerukia wapi bila ushahidi. Nzuri pia kwa yale ya kubofya sentensi ndani ya habari, kwa sababu kile unachotafuta kimeshaelezwa kwenye swali. Kwa wazo kuu haisaidii kitu, swali la "lengo kuu ni nini" ukilisoma mapema umejifunza nini?

*Lugha.* Wengi wanaona inawapa ahueni kwa sababu wanaingia kwenye Kiingereza kigumu wakiwa na pa kushikia. Naelewa. Ila ina hatari yake: ukiwa unawinda unavutiwa na neno linalofanana, jibu lina neno lilelile lililoko kwenye habari unalichagua kwa furaha, na watunga maswali wanalijua hilo vizuri sana. Jibu sahihi mara nyingi limesemwa kwa maneno mengine kabisa na lile lililorudia maneno ya habari ndo limepinda.

Inamfaa mwenye mitihani yenye habari fupi za swali mojamoja, na mtu ambaye akisoma bila lengo akili inamhama.

Njia ya tatu: kusoma na dondoo

Unasoma haraka kuliko njia ya kwanza, kila aya unaiandikia maneno matatu manne kwenye karatasi ya kufanyia hesabu: inafanya nini, sio inasema nini. Maelezo madogomadogo unayaruka ukijua yako wapi. Kwa Shanga dondoo zingekuwa "hoja ya zamani, wageni" alafu "Shanga inapinga: miti, ufinyanzi" alafu "HATA HIVYO biashara". Basi. Swali likija unajua uende mstari upi.

*Muda.* Mwanzoni utaona inakuchelewesha, na kweli inachelewesha, mpaka mkono uzoee. Mtu akianza anaandika sentensi nzima, anafupisha habari kama vile anafanya ufupisho wa kidato cha nne, huo muda haupo. Ikikaa sawa ndo njia inayookoa muda mwingi zaidi kwenye habari ndefu. Kwenye habari fupi sioni faida yake, aya moja macho yanaimeza yote.

*Kichwani.* Inakupunguzia mzigo, vitu viko kwenye karatasi. Na inakulazimisha kuona maungio. Kiingereza cha mitihani hii kimejaa "however", "although", "yet", na mahali hayo maneno yanapotokea ndo mahali maswali yanapozaliwa, kwa hiyo dondoo yako ikiwa na hayo maungio tu tayari una nusu ya majibu.

*Maswali.* Inayaweza yote kwa kiasi chake, haishiki namba moja kwenye wazo kuu wala kwenye jambo dogo ila haikuangushi popote. Na kwa yale ya kutiki yote naiona ndo bora, kwa sababu kila kauli unaipeleka mahali pake kwenye habari na kuipima. Tufanye: (i) biashara na nje, nenda kwenye HATA HIVYO, vigae vya ng'ambo viko tabaka za chini, ipo, tiki. (ii) misikiti ya miti kutangulia wa mawe, mabaki yamekutwa chini ya magofu, ipo, tiki. (iii) Kiswahili ni lugha ya Kibantu, unatafuta… haina mahali. Ni kweli, mimi na wewe tunajua ni kweli, tumefundishwa darasani, lakini kwenye habari haimo na maelekezo ya mtihani yanasema ujibu kwa kutumia habari iliyo mbele yako tu. Hiyo ndo aina ya kauli inayowaangusha watu wanaojua mambo mengi. Ukikutana na habari inayohusu Afrika, au fani uliyosomea chuo, ongeza umakini mara mbili, hapo ndo ujuzi wako wa nje unaingia bila kubisha hodi.

*Lugha.* Dondoo andika kwa lugha yoyote inayokuja haraka. Kiswahili, Kiingereza, vifupisho, mishale, hakuna anayesahihisha hiyo karatasi. Kwa wengi wetu kuandika "anapinga" ni haraka kuliko kutafuta neno la Kiingereza, na inakuthibitishia kwamba umeelewa, manake usichoelewa huwezi kukisema kwa Kiswahili.

Kitu kimoja cha kujua: ukifanyia GRE nyumbani karatasi ya kawaida hairuhusiwi. Unatumia kiubao kidogo cheupe cha kalamu inayofutika, au karatasi moja iliyowekwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoona ndani, nayo unaiandikia kwa kalamu inayofutika. Kama njia yako ni ya dondoo fanya mazoezi na hicho kiubao kuanzia mwanzo, kuandika juu yake sio sawa na kuandika kwenye daftari.

Inamfaa anayepata shida kukumbuka, anayeogopa habari ndefu, na mwenye muda wa kutosha kabla ya mtihani wa kuzoesha mkono.

Kama mtihani wako sio GRE

Hapa watu wanaumia kwa kuhamisha ushauri wa mtihani mmoja kwenda mwingine. SAT ya kompyuta, mtihani wa kuombea shahada ya kwanza Marekani, iliyoanza nje ya Marekani mwaka 2023 na Marekani kwenyewe 2024, haina tena habari ndefu: ni maswali 54 kwa dakika 64, kila swali na kihabari chake cha maneno kama 25 mpaka 150. Hapo kuanza na swali ni jambo la kawaida kabisa na dondoo hazina kazi, labda pale wanapokuwekea matini mbili zinazobishana.

GMAT ya sasa, ya wanaoomba shule za biashara, ni kinyume. Verbal yake ni maswali 23 kwa dakika 45, yanakuja moja moja na huoni linalofuata mpaka umejibu lililopo. Mwishoni ukibakiwa na muda unaruhusiwa kubadilisha majibu matatu tu kwa kila kipande. Kwa hiyo njia ya pili kwenye habari ndefu imeshajifia yenyewe, utaona swali la kwanza tu, inabidi usome yote au uandike dondoo.

LSAT, kwa wanaotafuta shule za sheria Marekani, ina habari nne kwa dakika 35, mojawapo ikiwa ni matini mbili za kulinganisha, na kila habari ina maswali mengi. Yakiwa mengi hivyo muda unaoutumia kusoma vizuri unajilipa, na kuyapitia yote mapema kunakujazia kichwa bure.

IELTS Academic, mtihani wa kupima Kiingereza chako, ni mnyama mwingine: matini tatu ndefu, maswali 40, dakika 60. Yale ya kweli, si kweli, au haijasemwa yanafuata mpangilio wa matini, kwa hiyo kusoma swali, kutafuta, kujibu, kusonga mbele kunafanya kazi vizuri kuliko kwenye GRE.

Uende na ipi, kulingana na hali yako

Kama unamaliza kipande muda ukiwa umebaki lakini unakosa, tatizo sio kasi. Shika njia ya kwanza, na muda uliobaki uutumie kurudi kwenye mstari unaothibitisha kila jibu. Jibu lisilo na mstari liache.

Kama unapata karibu yote unayogusa ila matatu ya mwisho huyafikii, usianze kusoma haraka haraka, badilisha mpangilio. Fanya kwanza ya kujaza nafasi na habari fupi, ile ndefu iwekee alama urudi mwishoni, na ukirudi nenda nayo kwa dondoo.

Kama unakosa wazo kuu na kupata jambo dogo, pengine unaanza na maswali bila kujijua. Kwa muda fulani fanya mazoezi ukiwa umefunika maswali kwa mkono, usiyaone mpaka umeandika sentensi moja ya hoja. Ikiwa ni kinyume, wazo kuu unapata na jambo dogo unakosa, njia uliyonayo iache ilivyo, ongeza tu kurudi kwenye habari.

Kama Kiingereza bado ni kizito, hapa sitakudanganya, hakuna kati ya hizi tatu itakayofidia kusoma. Soma makala ngumu za sayansi, historia na sanaa kila siku, hata moja, na mwisho wa kila aya sema kwa Kiswahili imefanya nini. Baadaye hiyo ndo inageuka kuwa dondoo zenyewe.

Kama mtihani uko karibu sana, usijifunze njia mpya kwenye habari fupi, zisome zote kama ulivyozoea, jaribu dondoo kwenye zile ndefu tu. ETS, wenye mtihani wa GRE, wana POWERPREP, programu ya mazoezi yenye mitihani miwili ya bure kwenye mfumo uleule utakaoukuta siku yenyewe. Wa kwanza ufanye kwa njia uliyonayo, weka kumbukumbu umekosa aina gani ya maswali na muda umeishia wapi, badilisha kitu kimoja tu, alafu wa pili ufanye siku chache kabla, saa ileile uliyopangiwa mtihani.